Bosi Anataka Tumalizane: Maswali ya Walioumia Kazini, Nyanda za Juu Kusini

Kamwene. Majibu haya nimeyaandikia watu wa kwetu: mpasuaji wa mbao Mafinga, mchuma chai wa Mufindi na Rungwe, mchimbaji wa Chunya, kibarua wa mpunga Mbarali, utingo anayeshuka Mlima Nyoka usiku. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka sita kwenye mashine ya dingdong, ile ya kupasulia mbao, na mdogo wangu aliacha vidole vitatu kwenye mashine ya namna hiyohiyo. Walimpa laki nne na karatasi ya kusaini. Akaniangalia mimi kwanza, kaka yake. Nikamwambia asaini.

Maswali ni yale ninayoulizwa kila wiki. Nimeyaacha kwa maneno ya wenyewe.

Bosi ameniita ofisini. Ana hela mezani na karatasi imeandikwa "sitadai tena". Nisaini?

Usisaini leo. Hata kama hela ni nzuri, hata kama bosi ni mtu mwema na amekuja hospitali na matunda. Mwombe uende na karatasi nyumbani, uisome na mtu unayemwamini. Akikataa isitoke ofisini, ujue ndani yake kuna neno ambalo hataki lisomwe na mtu mwingine.

Zaidi ya hapo, ukiwa bado una bandeji hakuna mtu duniani anayejua umepoteza nini. Daktari hajui, bosi hajui, wewe mwenyewe hujui. Huwezi kuuza gunia ambalo hujalipima.

Kwani fidia si anatoa bosi? Nikimkatalia nitalipwa na nani?

Hapa ndipo wengi wanapotea, na mimi nilipotea hapohapo. Fidia ya kuumia kazini Tanzania Bara inalipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Mfuko ulianza kazi Julai 2015, na malipo ya fidia yakaanza Julai 2016. Waajiri wote, wa serikali na wa binafsi, wanatakiwa kuuchangia. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, na unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa mchango wa WCF kwenye mshahara wako, hapo pana kosa lingine la kushughulikia.

Kwa hiyo bosi anayechangia hana sababu ya kukuhonga. Alishalipa. Kazi yake ni kukufikisha hospitali, kujaza fomu na kupeleka taarifa Mfuko ndani ya siku 7 za kazi tangu apate habari za ajali.

Wazee wetu wengi watakwambia fidia ya serikali ni hela ya chumvi, chukua cha bosi. Wana sababu ya kusema hivyo. Kwenye sheria ya zamani, ile ya mkoloni tuliyoirithi, ulemavu wa kudumu ulikuwa na kikomo cha shilingi 108,000 na kifo shilingi 83,000. Watu waliumia, wakafuatilia mwaka mzima, wakaishia kupata bei ya mbuzi. Ila sheria hiyo ilikwisha. Ushauri wa mzee ulikuwa sahihi kwa wakati wake, siyo kwa jeraha lako la mwaka huu.

Kuna nini hasa ndani ya hiyo fidia?

Matibabu. Malipo ya kipindi ambacho huwezi kufanya kazi. Malipo ya ulemavu wa kudumu ukibaki nao. Malipo ya anayekuhudumia, kama huwezi tena kujilisha au kujivalisha mwenyewe. Utengamao, yaani mazoezi ya viungo, viungo bandia, hata kujifunza kazi nyingine. Mtu akifariki kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi.

Bahasha ya bosi kwa kawaida inagusa kimoja tu kati ya hivyo, na kwa juu juu.

Mtoto amerudishwa shule kwa ada, na bosi ananipa laki nane taslimu leo. Si bora nichukue?

Dada mmoja wa mashamba ya chai aliniuliza swali hili akilia, na sikuthubutu kumjibu haraka. Njaa haisubiri fomu. Nilichofanya ni kuchukua kalamu.

Tuseme ulikuwa unalipwa 250,000 kwa mwezi. Ukiwa nyumbani kwa sababu ya jeraha, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, ambayo ni 175,000 kwa mwezi, na yanaweza kuendelea hadi miezi 24 kama daktari anathibitisha bado huwezi kurudi kazini. Mkono uliovunjika vibaya ukikuweka nyumbani miezi sita, hapo tayari ni 1,050,000. Laki nane za bosi zimeshapitwa, na bado hatujagusa gharama za hospitali wala ulemavu utakaobaki.

Pengine utasema: lakini hizo za Mfuko zitachelewa. Zinaweza kuchelewa, hasa makaratasi yakiwa na mapengo. Ndiyo maana jibu langu siyo "kataa hela ya bosi". Soma swali linalofuata.

Nikipokea hela yake nimejifunga?

Kupokea siyo kujifunga. Kinachokuweka matatani ni maneno unayoyawekea saini au dole gumba. Pokea kama msaada, andika kama msaada. Maneno ninayowapa watu ni haya, unaweza kuyanakili kwa mkono kwenye karatasi ya daftari:

"Mimi (jina) nimepokea shilingi (kiasi) kutoka kwa (jina la mwajiri) leo tarehe (…) kama msaada wa matibabu, nauli na chakula kufuatia ajali niliyoipata kazini tarehe (…). Haki zangu chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi zinabaki kama zilivyo."

Saini yako, yake, na shahidi wa kila upande. Nakala moja ibaki kwako. Karatasi hii ina faida nyingine ambayo bosi mara nyingi haioni: amekiri kwa mkono wake kwamba uliumia, kwamba ni kazini, na tarehe ni ipi. Nimewahi kuona madai yaliyokwama miezi, mashahidi wote wamehamia machimboni, yakafunguliwa na karatasi ya aina hii.

Nimeshasaini kwamba sitadai. Basi imekwisha?

Hapana. Sheria ya fidia haikubali mfanyakazi auze au aachie haki yake ya mafao kwa makubaliano. Karatasi hiyo haikufungi mbele ya Mfuko, hata ikiwa na muhuri wa kampuni, hata kama mwenyekiti wa kijiji ameweka jina lake pale chini. Nenda katoe taarifa, na ukiulizwa ulipokea nini, sema ukweli wote.

Kinachofunga mlango ni muda. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu ugonjwa ulipogunduliwa, au tangu kifo. Na karatasi ya "sitadai" kazi yake halisi ndiyo hiyo: inakutuliza hadi miezi 12 ipite. Mdogo wangu alikaa mwaka na miezi miwili akiamini amekwisha kumalizana na watu. Siku niliyokaa kwenye semina ya kwanza ya sheria pale Iringa nikasikia kwamba karatasi ile haikuwa na nguvu, nilihesabu miezi kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa imepita miwili.

Mbona kila mtu ananiambia nisubiri "asilimia"?

Asilimia ya ulemavu ndiyo roho ya jambo hili, niruhusu nikae hapa kidogo.

Kidonda kikishapona kwa kiwango ambacho hakitabadilika sana, daktari anafanya tathmini: kiungo hiki kimepoteza kiasi gani cha kazi yake, na mwili mzima umepungukiwa asilimia ngapi. Ikitoka asilimia 30 au chini, unalipwa kwa mkupuo. Ikizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Ona tofauti iliyopo hapo. Mmoja analipwa mara moja basi, mwingine analipwa kila mwezi. Mstari unaowatenganisha ni mwembamba, na hauonekani mpaka jeraha lipoe.

Jeraha huwa linabadilika. Kijana anavunjika mguu kwa gogo kule Sao Hill, mwezi wa pili anatembea na gongo, kila mtu anasema amepona. Mwezi wa saba mguu umepinda, kifundo hakikunji, hawezi kupanda roli. Mwingine ameumia jicho na kipande cha chuma, linaonekana zima, ila jioni haoni mtu akija. Aliyeumia kichwa ndiye wa kuogopewa zaidi: anaongea, anacheka, kumbe kumbukumbu inavuja polepole na mke wake ndiye wa kwanza kuona.

Bosi anayekuharakisha wiki ya pili anataka kununua kabla ya bei kujulikana. Sisemi wote wana nia mbaya. Wengine wanataka tu jambo liishe kichwani mwao. Lakini anayebaki na mguu ni wewe.

Mimi ni kibarua wa siku. Sina mkataba, nalipwa kwa idadi ya mbao.

Toa taarifa. Kukosa karatasi ya mkataba hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Kazi yako ni kuonyesha kwamba ulikuwa unamfanyia nani kazi na alikuwa anakulipa nini. Kusanya ujumbe wa M-Pesa, daftari la msimamizi la kuhesabu mbao (lipige picha mapema, kwa sababu daftari hizo zina tabia ya kupotea), picha ukiwa eneo la kazi, majina na namba za wenzako wawili watatu waliokuwepo. Kwenye chai, kadi yako ya mizani ni dhahabu. Usiitupe.

Bosi hajajisajili WCF. Anasema nikiripoti, mashine itafungwa na wenzangu watakosa kazi.

Maneno haya yanauma kwa sababu wenzako wanayasikia pia, na jioni kwenye kilabu unaanza kuonekana wewe ndiye adui. Kujisajili ni wajibu wake kisheria na kosa la kutojisajili ni lake. Halihamii kwako kwa sababu uliumia. Peleka taarifa Mfuko mwenyewe na uwaeleze hali ilivyo, wao wana nguvu ya kumfuata mwajiri.

Kuhusu mashine kufungwa: usalama wa mashine ni kazi ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kama msumeno hauna kinga na umeshachukua vidole vya mtu, kuna mtu mwingine anasimama pale sasa hivi, kwenye nafasi uliyokuwa umesimama wewe.

Wanasema ni uzembe wangu, sikuvaa gambuti.

Fidia hii haihitaji uthibitishe kosa la bosi, na kosa dogo lako halikunyimi. Sheria inaangalia kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kinacholeta shida ni utovu mkubwa wa makusudi, na hata huo, ikiwa umesababisha ulemavu mkubwa au kifo, mlango haufungwi. Usikiri jambo usilolifanya kwa sababu tu umeambiwa "andika hivi ili tukusaidie". Waliokuletea maelezo yaliyokwisha kuandikwa, waombe uandike ya kwako.

Kwenye makaratasi mshahara wangu umeandikwa mdogo kuliko ninaoupata.

Linalipwa lililoandikwa, hadi uthibitishe vinginevyo. Mshahara ndio msingi wa hesabu yote, kwa hiyo uongo huu unakuuma kila mwezi. Pitia taarifa za benki au za simu za mwaka mzima na uziambatanishe mapema, kabla ya hesabu kutoka. Kusahihisha baadaye ni kazi mara tatu.

Sikupata ajali. Ni kifua, kutokana na vumbi.

Magonjwa yatokanayo na kazi yamo kwenye sheria hiyohiyo: vumbi la mawe, kemikali za dawa za mimea, masikio yaliyozibwa na kelele za mashine. Ugumu ni kumfanya daktari aandike uhusiano na kazi. Ukifika kwake usiseme tu "nakohoa". Mweleze ulifanya kazi gani, miaka mingapi, ulivuta nini. Kama hukumweleza, atakuandikia dawa ya kikohozi na utarudi nyumbani.

Nilikuwa utingo, gari lilianguka barabara kuu ya TANZAM. Bima ya gari na WCF, nichague ipi?

Ni njia mbili tofauti. Ulikuwa kazini, kwa hiyo WCF inahusika. Gari lina bima, kwa hiyo kunaweza kuwa na madai huko pia, hasa kama gari jingine ndilo lililosababisha. Kitakachokuponza ni hati ya bima ya kukiri kwamba umelipwa malipo ya mwisho. Hiyo usiiguse kabla mwanasheria hajaisoma. Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uitunze, toa nakala kabisa, kwa sababu zote mbili zitaihitaji.

Wameniachisha kazi nikiwa bado na plasta.

Hayo sasa ni mashtaka mawili, yasichanganywe. La kuumia linakwenda WCF. La kuachishwa linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huko una siku 30 tu tangu kuachishwa. Wengi wanasubiri wapone kwanza. Wakipona, siku zimekwisha.

Na hapa ndipo neno "kumalizana" lina maana ya kweli. Mkikubaliana mbele ya msuluhishi wa CMA na kusaini, makubaliano yale yanawafunga nyote, na yanaweza kukazwa mahakamani. Kwa hiyo mshahara wa notisi, malimbikizo, likizo ambayo hukwenda, hayo unaweza kuyajadili na kuyamaliza pale, na mara nyingi ni busara kuyamaliza kuliko kuburuzana miaka. Ila soma kila mstari. Ukikuta maneno kama "na madai mengine yote ikiwemo ya ajali", mwambie msuluhishi hapohapo kwamba la ajali halikuletwa pale, lifutwe.

Mume wangu alifia kazini. Kampuni ilinunua jeneza na kutoa gari hadi Makete. Baba mkwe anasema tusiombe tena, tutaonekana hatuna shukrani.

Pole sana, mama. Jeneza na gari ni ubinadamu, na wanastahili asante. Siyo fidia. Malipo ya wategemezi yanakuhusu wewe mjane na watoto wenu kwa majina yenu, na hayasubiri kikao cha ukoo kiamue nani mrithi. Tafuta cheti cha kifo, cheti cha ndoa au uthibitisho wa ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama watoto hawana vyeti, anza leo kuvifuatilia RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, ndicho kinachochelewesha familia nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona. Na baba mkwe uende naye ofisini. Nimeona wazee wengi wakibadilika wakishasikia maelezo kwa masikio yao.

Nimepewa asilimia ndogo kuliko ninavyoumia. Nikubali tu?

Kama hukubaliani, pinga kwa maandishi, na uangalie muda uliotajwa kwenye barua ya uamuzi. Kulalamika kwa mdomo dirishani hakuhesabiki. Nenda na kitu kipya: ripoti ya daktari bingwa, picha mpya ya eksirei, maelezo ya kazi ulizokuwa unafanya ambazo huwezi tena. Maumivu peke yake hayasomeki kwenye karatasi. "Hawezi kunyanyua zaidi ya kilo tano kwa mkono wa kulia" yanasomeka.

Ninahitaji wakili? Kuna mtu Mwanjelwa anasema atanifuatilia kwa nusu ya malipo.

Kuwasilisha madai WCF hakuna ada, na wengi wanaweza kufanya wenyewe au kupitia chama cha wafanyakazi, kama TPAWU kwa mashamba au TUICO kwa viwanda. Nusu ya malipo ya mkono wako kwa mtu wa kujaza fomu ni wizi, siwezi kuita jina jingine. Wakili mtafute jambo likiwa gumu: bosi anakana kabisa kwamba ulikuwa mfanyakazi wake, unataka kufungua kesi ya uzembe mahakamani, au uamuzi unataka kukatiwa rufaa. Asiye na uwezo ana haki ya kutafuta msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia kwenye halmashauri yako wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Siku ya kwenda ofisini nibebe nini?

Kitambulisho cha NIDA. PF3 kama ipo. Karatasi zote za hospitali, hata ile iliyolowa. Ushahidi wa malipo yako. Majina ya mashahidi. Namba ya akaunti yenye jina lako mwenyewe, siyo la shemeji. Karatasi yoyote uliyosaini na bosi.

Na usiende peke yako. Mtu aliyeumia huwa anasema "sijambo" kwa mazoea akiulizwa hali, na mwandishi anaandika sijambo. Nenda na anayekuona asubuhi unavyovaa shati.